Shajara ya jiko la shule: robo gunia kwa kila mtoto

Shule yetu ya msingi iko juu, upande wa Uru, nje kidogo ya mji wa Moshi. Ni shule ya serikali, ya kutwa, na ukijumlisha na wale wa awali ina watoto karibu 400. Mimi ni mzazi na katibu wa kamati ya chakula. Naandika haya kwa ajili ya wazazi waliokosa vikao, ndugu zetu wa Dar, Arusha na Nairobi wanaouliza kila mara hela yao imefika wapi, na kamati za shule za jirani zilizoanza kutupigia simu. Mahesabu yenyewe yamebandikwa ukutani nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Hapa naweka maelezo ambayo karatasi ile haiwezi kuyabeba.

Julai 6, 2024

Mkutano wa wazazi. Ajenda ni ileile ya kila mwaka: chakula cha mchana kimekufa tena. Kilianza Januari kwa kelele nyingi, kikayumba Februari, na masika yalipoanza sufuria zikafungiwa stoo. Watoto wamerudi kwenye mtindo wa kukimbia nyumbani saa sita, wanapanda mlima na kushuka mlima, na wengine wakishaondoka hawaonekani tena hadi kesho yake. Wasiokuta mtu nyumbani wanashindia guava.

Walimu hawawezi kulibeba jambo hili na wala sitaki tuwabebeshe. Tangu elimu ianze kutolewa bila ada mwaka 2016, Serikali inaleta ruzuku ya uendeshaji, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu. Chakula cha mtoto wa kutwa kiliachwa mikononi mwa mzazi, na Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016 unasema hivyo. Halafu Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku walimu kukusanya michango. Ndiyo maana mwalimu akisikia neno "mchango" anatazama mlango. Namuelewa kabisa. Anayeitwa kujieleza wilayani ni yeye, si mimi.

Maneno yakazunguka, wazazi hawajali, mara wanaume wanamalizia hela kwenye mbege, mpaka meku (mzee) mmoja wa kitongoji cha chini akaomba nafasi. Yeye si mzazi tena, ana wajukuu pale. Akauliza: nani kati yenu ana mahindi ndani Januari? Mikono haikufika kumi. Akauliza tena: na Agosti? Ukumbi ukacheka. Akasema zamani, wakati kahawa ya Kilimanjaro ikipita mikononi mwa KNCU, ushirika ulioanzishwa 1933, baba yake hakulipa ada mwezi ambao shule ilitaka. Alilipa malipo ya kahawa yalipotoka, na shule ilijua hivyo ikasubiri. "Ninyi mnamdai mkulima akiwa mtupu, akikosa mnamwita mkaidi."

Hapo ndipo mradi huu ulipoanzia, kwa maoni yangu. Sisi wa juu tuna migomba na kahawa kwenye kihamba, shamba la kuzunguka nyumba, lakini mahindi yetu yako tambarare, upande wa Mabogini na Kahe. Yanapandwa masika yakianza, yanavunwa Julai na Agosti. Shule inafunguliwa Januari, Krismasi imekwishapita na kila kitu, mzazi anadaiwa sare na madaftari, na gunia lililobaki ndani limekaa kwa heshima ya watoto wadogo. Kumuomba debe la mahindi wakati huo ni kumtafutia aibu. Tukakubaliana: chakula cha 2025 kinakusanywa mavuno ya 2024, na kinakusanywa kikiwa chakula, si fedha.

Julai 20

Kamati ya watu saba: akina mama wanne, baba wawili, na mwalimu mmoja wa kutazama tu, asiyegusa kitu. Mwenyekiti wa kamati ya shule ameandika barua kupitia kwa mtendaji wa kata kuomba kibali, maana bila karatasi hatuanzi.

Hesabu ilifanyikia kwenye meza ya duka la mangi wa hapo njia panda. Mwaka wa masomo una siku 194. Mtoto akipata gramu 100 za mahindi yaliyokobolewa na gramu 40 za maharage kwa siku, ni kilo 19 na ushee za mahindi na karibu kilo nane za maharage kwa mwaka mzima. Mahindi yakikobolewa yanapungua, hivyo tukapandisha hadi kilo 25 za mahindi yasiyokobolewa. Robo gunia. Hapo watu wote wakaelewa bila kalamu. Kwa watoto 400 ni magunia 100 ya mahindi na 32 ya maharage.

Baba mmoja alipoona "magunia 100" akaguna. Nikamwambia asitazame mia, atazame robo. Ana watoto wawili pale shuleni, kwake ni nusu gunia, na mwaka jana alichangia harusi ya mtoto wa shemeji yake zaidi ya hapo. Akacheka, ila sidhani kama alifurahi.

Agosti 10

Mapokezi ya kwanza. Darasa moja la zamani limefanywa ghala: tumeziba matundu ya panya kwa saruji, tumepanga mbao chini ili gunia lisikae sakafuni wala kuegemea ukuta.

Suala lililotula siku nzima ni unyevu. Wengi tunakumbuka mwaka 2016, watu walipokufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kuvu yule anaota kwenye nafaka iliyohifadhiwa mbichi, na sumu yake haiishi kwa kuchemsha, hata makande yakae jikoni kutwa. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Kipimo cha umeme hatuna. Tuna chupa ya soda na chumvi.

Inafanyika hivi. Chupa kavu kabisa, ya kioo, inayoonyesha ndani. Unatia mahindi kama theluthi ya chupa, unaongeza vijiko vichache vya chumvi kavu iliyokaushwa juani, unafunga, unatikisa vizuri, unaiacha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo kama ukungu, mahindi bado mabichi. Ikianguka yote chini na kioo kikabaki safi, mahindi yanapokelewa. Mama aliyekuwa wa tatu kwenye foleni aliyaleta kwa bodaboda kutoka Mabogini, na chupa yake ikawa nyeupe pande zote. Alikasirika. Alisema yeye anajua mahindi makavu tangu azaliwe, akatafuna punje mbele yetu, ikalia kaa! Mweka hazina, ambaye ni mdogo kwake kwa miaka mingi, akamwambia kwa upole: "Shikamoo mama, hii chupa haimjui mtu." Tukampa turubai la shule akaanika pale pale uwanjani, watoto wakafukuza kuku. Jioni chupa ikawa safi. Sasa yeye ndiye anayepima wenzake, na hana huruma hata kidogo.

Siku hiyo tulipokea magunia tisa. Kila aliyeleta amesaini daftari na kuondoka na karatasi yake.

Agosti 24

Ugomvi wa debe. Watu wa tambarare wanapima kwa debe, na kwa kawaida gunia la kilo 100 ni debe sita. Lakini debe la nani? Kuna la kusawazisha, kuna la kuweka kilima, na kuna lililogongwa tako likapanda juu. Mzazi mmoja alileta debe moja na nusu lililosawazishwa, akataka liandikwe robo. Mwingine alileta lenye kilima, akataka chenji.

Tumeazima mizani ya saa kwa mnunuzi wa kahawa. Kuanzia leo ni kilo tu. Lumbesa, ule ujazo wa kupita kipimo, tunailalamikia kila siku wenyewe tukiuza kwa wachuuzi, haiwezekani tuifanyie shule yetu.

Ndugu wa mjini wameanza kuuliza kwenye grupu watatuma nini. Jibu la kamati: tumeni sasa, msingoje Desemba. Agosti mahindi yako bei ya chini. Hela ileile ikifika Februari inanunua pungufu kwa kiasi cha kuumiza, nendeni Soko la Mbuyuni mkaulize wenyewe. Watu kadhaa wametuma. Tumenunua kwa majirani zetu waliovuna vizuri, kwa mizani, chupa ikiwa mezani.

Septemba 14

Darasa la saba wamemaliza mtihani wao wa mwisho juzi, shule imepumua. Ghala lina magunia 58.

Leo tulikaa kujadili wasioleta. Hapa ndipo kamati nyingi huvunjika, na sisi ilibaki kidogo. Wasioleta ni wa aina tatu. Kuna wasio na shamba tambarare, wengi ni kina mama wanaolea peke yao na bibi wanaolea wajukuu. Kuna waliovuna lakini mazao yakaenda kulipa deni. Na kuna wenye uwezo walioamua kutazama.

Pendekezo la kwanza lilikuwa mtoto wa asiyeleta asile. Lilipata makofi, nalisema wazi. Mwalimu wetu mtazamaji ndiye aliyelivunja, kwa maneno machache: wakati wa chakula yeye atasimama mlangoni na orodha, atoe watoto wa darasa la kwanza kwenye mstari? Nani atamsaidia? Hakuna aliyejitolea. Zaidi ya hapo, mchango ni wa hiari, na mtoto haadhibiwi kwa sababu ya mzazi. Kibali chetu kinasema hivyo.

Tukaamua hivi. Asiye na shamba anaweza kutoa kazi: kuchambua maharage, kuosha sufuria, kuteka maji, kuanika. Siku za kazi zinaandikwa daftari moja na kilo, mstari kwa mstari, ili mtu asije akasema fulani anakula bure. Bibi mmoja ameahidi maboga ya kihamba kwa mwaka mzima, na tumemuandikia maboga. Aliyelipa deni amepewa hadi Novemba. Kwa wale wa aina ya tatu tumepeleka wazee wawili nyumba kwa nyumba, bila barua na bila mtendaji. Wazee hawakutuambia walichosema huko. (Naongeza baadaye: magunia matano yalikuja wiki iliyofuata.)

Oktoba 12

Mahindi 83, maharage 21. Maharage yanasumbua. Huku kwetu yanapandwa katikati ya mahindi na kuvunwa mapema, na tulipoanza kukusanya Agosti watu walikuwa wamekwisha kuyauza. Mwakani maharage yaombwe Juni. Nimeliandika kwa wino mwekundu kwenye daftari la kamati.

Uhifadhi: tulibishana kuhusu dawa ya vumbi. Mimi sikutaka dawa kwenye chakula cha watoto wa miaka mitano kama kuna njia nyingine, na njia ipo: mifuko isiyopitisha hewa, gunia lenye mifuko miwili ya plastiki ndani. Unajaza, unakamua hewa, unafunga kila mfuko peke yake kwa kamba. Fukusi na dumuzi waliomo wanamaliza hewa iliyobaki na kufa. Ina bei kuliko gunia la kawaida, ila inatumika tena msimu unaofuata isipotobolewa. Masharti ni mawili: nafaka iwe kavu kweli, na gunia lisifunguliwe kila siku kwa udadisi. Tumeweka magunia manne ya kawaida mbele kwa ajili ya wanaopenda kuchungulia.

Novemba 30

Mwezi wa uchaguzi wa serikali za mitaa, kura zilipigwa tarehe 27. Kazi ilisimama. Wagombea wawili kwa nyakati tofauti waliomba kupiga picha wakiwa ghalani. Funguo zilikuwa tatu kwa watu watatu, na ikatokea kwamba siku hizo mmoja wa watu hao alikuwa safarini. Mwenyekiti mpya wa kijiji ameonyeshwa daftari, amesaini kwamba ameliona.

Desemba 28

Ndugu zetu wa mjini wamekuja. Moshi ya Desemba inajulikana, hata barabara ya kwetu ina foleni. Nafaka ipo, kilichokosekana ni jiko, na jiko ndilo tulilowasubirishia wa mjini, kwa sababu mtu aliyerudi kwao mara moja kwa mwaka anapenda kuona kitu alichotoa kimesimama. Sioni ubaya. Ila mwaka huu tulikuwa na orodha ya vifaa yenye bei za madukani, na kila mtu alichagua cha kununua. Fedha taslimu tulipokea kidogo, zikaenda benki kwenye akaunti ya shule Jumatatu yake.

Suala la kuni lilihitaji akili. Zamani tulipikia mafiga chini ya banda la bati, kila mtoto akija na ukuni wake. Serikali ikatoa agizo kwamba taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024. Sisi tuko kwenye kundi hilo. Na ukitazama msitu wa mlima wetu ulivyosogea, huwezi kubishana sana na agizo hilo.

Gesi ndiyo safi, ila makande hayana haraka, na gesi inayowaka muda wote huo inakula fedha. Tumeamua kuchanganya. Uji wa watoto wa awali unapikwa kwa gesi. Makande yanapikwa kwa mkaa mbadala unaotokana na makaa ya mawe, ule unaotengenezwa na STAMICO, shirika la madini la taifa, kwenye majiko mawili ya kujengea yenye bomba la moshi. Fundi ni wa hapa hapa kijijini, amelipwa kwa awamu, awamu ya mwisho imebaki mpaka jiko lipikiwe mwezi mzima.

Mjomba mmoja aliyetoka Dar alitaka tuweke kibao chenye majina ya wafadhili. Tumempa ukuta ule wa matangazo: jina lake lipo, mstari wa 112, kati ya mama aliyeleta kilo 12 na babu aliyetoa siku tatu za kazi. Alilitafuta kwa muda, akalipata, akalipiga picha.

Januari 18, 2025

Wiki ya kwanza ya kupika. Naeleza jikoni kulivyo kwa sababu wengi mmeuliza.

Mahindi yanakobolewa mashineni kwa mafungu, kwa sababu yakishakobolewa hayakai. Mwenye mashine alizoea kubaki na pumba na kupunguza bei ya kukoboa. Tumekataa. Tunalipa bei kamili na pumba zinarudi shuleni, zinauzwa kwa wafuga nguruwe, na fedha hiyo ndiyo inayolipa sehemu kubwa ya posho ya wapishi wawili. Kilichobaki, pamoja na chumvi, vitunguu na mafuta, kinatokana na shilingi 1,000 kwa mwezi ambayo mzazi anampelekea mweka hazina, si mwalimu.

Jioni mahindi na maharage yanalowekwa, kila kimoja kwenye pipa lake. Mpishi mkuu anafika saa kumi na moja alfajiri, anamwaga maji ya kulowekea, anawasha. Maharage yanaanza peke yake kidogo. Hapo tena usimguse. Alikuwa akipikia misiba ya kata nzima na anajua sufuria kwa mlio. Saa sita na nusu wanapakuliwa awali na darasa la kwanza, kisha wengine, kila mmoja na bakuli lake la nyumbani. Siku ya Jumanne kulikuwa na maboga ya bibi ndani. Jumatano mtoto mmoja alisema makande ya kwao ni matamu zaidi, mpishi akamwambia alete mama yake, na mama amekuja. Sasa anachambua maharage Jumamosi.

Walimu wa madarasa ya chini wanasema mchana darasa halipungui tena. Sitaandika zaidi ya hapo mpaka mwaka uishe na daftari la mahudhurio lisomwe.

Machi 8

Tumehesabu ghala wazazi wakiwepo. Mahindi yanakwenda kama hesabu ilivyosema, na mifuko tuliyofungua haina mdudu. Maharage hayatafika Novemba. Tukiendelea na gramu 40 yataisha mwezi wa nane. Kulikuwa na hoja ya kupunguza hadi gramu 25 tangu sasa. Mimi nimepinga, kwa sababu ukiondoa maharage kwenye makande unabaki na mahindi ya kuchemsha, na watoto wanaelewa tofauti. Kamati imekubali kubaki na 40 na kufunga pengo kwa mavuno ya Juni, kilo mbili kwa kila mtoto, juu ya kilo nane za mwaka unaofuata. Ni nyingi kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo tangazo linatolewa sasa, kabla mbegu hazijaingia ardhini. Anayetaka kuongeza mstari mmoja wa maharage kwa ajili ya shule ana wiki mbili, mvua zikija kama kawaida yake.

Majiko: moja limepasuka ufa mdogo karibu na mdomo. Fundi ameitwa, na awamu yake ya mwisho bado iko kwetu.

Shule mbili za jirani zimeomba nakala ya daftari. Zimepewa. Moja ilitaka pia kuazima mizani, lakini hiyo si yetu, ni ya mnunuzi wa kahawa, na msimu wake ukifika ataihitaji. Kununua ya kwetu kumeingizwa kwenye orodha ya Desemba.

Jumamosi ijayo ni zamu ya kitongoji cha chini kuchambua. Saa mbili asubuhi, njooni na nyungo zenu, za shule hazitoshi.